Nani Kaweka Kizuizi?

"Padre, naomba urudie. Cherehani ilikuwa inapiga kelele, sijakusikia vizuri."

"Nimesema kuna mtu ameleta kizuizi, Naomi. Ndoa yenu imewekewa kizuizi."

Naomi akatoa miguu kwenye pedeli. Sketi ya shule aliyokuwa anashona ikabaki inaning'inia, upande mmoja umeshonwa, mwingine una pini tupu.

"Kizuizi? Padre, juzi Jumapili si limesomwa tangazo la pili? Watu walikaa kimya, wengine wakapiga na vigelegele!"

"Hakusema kanisani. Alimpigia katekista Dotto simu."

"Nani?"

"Hilo siwezi kukuambia kabla sijakaa naye."

"Padre! Harusi ni wiki mbili zijazo! Kwaya wamefanya mazoezi mpaka sauti zimekauka, mashangazi zangu wa Mugango wameshasuka nywele, na wewe unaniambia mtu?"

"Naelewa hasira zako, binti yangu. Ninachoweza kukuambia ni kwamba jambo lenyewe linahusu afya ya Isidori. Aliyeleta anasema bwana harusi hawezi kutimiza ndoa. Njooni wote wawili Alhamisi saa nne. Tangazo la tatu siwezi kulisoma mpaka hili liishe."

Simu ikakatika. Naomi akabaki ameitazama kama imemtukana yenyewe.

Isidori alikuwa fundi wa mashine za kusaga. Kuanzia Mwisenge mjini Musoma mpaka vijijini huko, mashine ikigoma alikuwa anaitwa yeye, na kwa kuzoea kuongea juu ya kelele za mashine alikuwa na sauti ambayo haikujua kunong'ona. Yeye na Naomi walianza mapenzi kwa ugomvi, kwa sababu alileta suruali ya kupunguzwa akarudi kuifuata baada ya miezi mitatu, akamkuta Naomi ameshaiuza. Waligombana nusu saa barabarani. Kesho yake akaleta suruali nyingine.

Kisha mwaka jana tumbo likaanza kumsumbua, akawa anatoa damu, anaficha. Ilipojulikana ilikuwa saratani ya utumbo mpana. Alipasuliwa Mwanza. Madaktari wakakata sehemu iliyoharibika, njia ya kawaida ya kujisaidia wakaifunga, wakamtolea utumbo kwenye tundu dogo pembeni ya kitovu. Hapo pakabandikwa mfuko, na choo kikawa kinaingia humo. Mfuko huo si wa wiki wala mwezi, ni wa maisha. Saratani iliondoka, daktari alisema hivyo kwa kinywa chake, na mpaka leo vipimo vya kliniki vinatoka vizuri.

Siku hiyohiyo daktari aliongea pia habari za chumbani. Alisema mishipa imeguswa, mambo yanaweza kuchelewa kurudi, wasione aibu kwenda kuuliza kwa sababu matibabu yapo. Lakini Naomi hakukumbuka hayo mara moja. Hasira ilimpeleka kwanza kwa Fredi, mwanamume aliyewahi kumposa akamkataa. Akaandika bila hata kuvuta pumzi:

"Fredi huna kazi? Mtu umekataliwa tangu zamani bado unazunguka kuweka vizuizi kwenye ndoa za watu. Nakuheshimu nisikuheshimu?"

Jibu likaja haraka.

"Mimi ni mke wake. Fredi yuko kisiwani Rukuba anavua dagaa, simu kaniachia. Kizuizi gani dada? Kumbe alikuposaga?"

"Samahani dada, nimekosea namba."

"Namba umekosea na jina umepatia? Nijibu."

Naomi akazima simu. Alikuwa ameshawasha moto kwenye nyumba ya watu na wa kwake haujazimika. Ndipo akakaa chini, akawaza kama mtu mwenye akili. Nani anajua aliyosema daktari? Kwenye chumba cha daktari waliingia watatu. Yeye, Isidori, na mama yake Isidori.

"Mama Wankyo!" akasema peke yake, akagonga meza, sindano zikaruka.

Asubuhi yake alikuwa Butiama.

Isidori alikuwa amerudi kwa mama yake tangu atoke hospitali. Walisema atakaa wiki mbili apate nguvu. Wiki mbili zikaota mizizi. Kila Naomi akiuliza lini anarudi Musoma, anaambiwa bado kidogo. Na Isidori mwenyewe alikuwa amegeuka mtu wa kujibu "sawa", "ndiyo" na "asante". Siku moja Naomi alimwandikia kwa makusudi, "Isidori nimekuchoka." Akajibu, "Pole." Mtu ambaye zamani angerekodi sauti ya dakika tano za matusi ya mapenzi!

Uani alimkuta Mama Wankyo ameanika mihogo, na pembeni wamekaa kina mama watatu wa jumuiya, rozari mikononi, wananong'ona.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu, karibu. Punguza sauti, mgonjwa amelala."

"Saa nne hii amelala?"

"Anapumzika. Tumemwambia asichoke."

"Achoke kwa kazi gani, Mama? Hata kikombe mnamshikia!"

Kina mama wa jumuiya wakatazamana. Mmoja akasema taratibu, "Tunamwombea kila jioni, dada. Tunamkabidhi kwa Mungu."

"Mnamkabidhi aende wapi? Daktari kasema amepona!"

Hapo Naomi alishachemka. Akamgeukia mama mkwe wake mtarajiwa.

"Mama, nakuheshimu kama mama yangu mzazi. Kwa nini umemweleza katekista mambo ya mwanao? Kama hunitaki si ungeniambia mimi?"

"Mambo gani?"

"Ndoa imewekewa kizuizi! Na aliyosema daktari tunayajua watu watatu!"

Mama Wankyo akaacha mihogo.

"Mimi? Mimi Wankyo nimzuie mwanangu asioe? Na gauni la harusi nilishashonaga, tena umenishonea wewe mwenyewe, Naomi! Ningeshona gauni la harusi ninayoizuia?"

Kweli, gauni alilishona Naomi, la kitenge, na mama alirudi mara mbili kusema kiuno kinabana.

"Sasa ni nani?"

"Ni mimi."

Wote wakageuka. Isidori alikuwa amesimama mlangoni na shuka begani, mkono umekandamiza tumbo.

Naomi aliwahi kusikia habari za wake wa zamani waliotokea kanisani na watoto mkononi, na za wajomba waliodai undugu wa damu. Bwana harusi kujizuia mwenyewe hakuwahi kusikia.

"Isidori, umeweka kizuizi kwenye harusi yako?"

"Ndiyo."

"Usinijibu ndiyo! Usinijibu hizo ndiyo zako! Kwa nini?"

"Nakuonea huruma, Naomi."

"Huruma?"

"Wewe bado kijana. Mimi nimebaki nusu. Nilijua nikikuambia tuache utakataa. Nikaona kanisa likikataa, utaumia kidogo halafu utaendelea na maisha. Hungenichukia mimi."

"Kwa hiyo ulitaka nimchukie Padre?"

Mama mmoja wa jumuiya akakohoa kuficha kicheko.

"Nimemtukana Fredi wa watu! Sasa hivi huko nyumbani kwake labda wanagawana vyombo! Nimekuja hapa nimemvunjia heshima mama yako! Kumbe mwizi yuko ndani amejifunika shuka!"

"Naomi, taratibu, kidonda..." alianza Mama Wankyo.

"Kidonda kimefunga, Mama! Mimi mwenyewe nimekiosha Mwanza, nakijua kuliko yeye!"

Isidori akakaa kwenye kizingiti. Sauti yake ilikuwa ndogo mno.

"Nilienda misa ya Pasaka. Hukuwepo. Padre anainua hostia, kanisa zima kimya, tumbo likalia. Hili tundu halina mlango, Naomi, mimi siwezi kulizuia. Likalia kwa sauti. Binti mmoja mbele yangu akacheka. Mama yake akamfinya mpaka akalia. Halafu watu wote wakafanya kama hawajasikia. Yule binti hakuniumiza. Waliniumiza wale waliojifanya hawajasikia. Tangu siku hiyo sijatoka."

Naomi akamsogelea, akasimama mbele yake. Alimpenda sana mtu huyu, na wakati huohuo alitamani kumpiga na ungo wa mihogo.

"Ungeniambia," alisema mwishowe.

"Ungefanyaje?"

"Sijui ningefanyaje! Ningekaa pembeni yako likilia tena! Ndiyo kazi ya mke, mpumbavu wewe!"

Akatoa simu. Kule wodini Mwanza alikuwa amekutana na mzee mmoja wa Bunda, Machibya, mkulima wa pamba aliyekuwa amekuja kliniki. Naye alikuwa na mfuko kama wa Isidori, wa miaka mingi. Alimpa Naomi namba, akamwambia siku ukishindwa na huyo kijana nipigie. Naomi akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo, Mzee Machibya. Ni Naomi wa Musoma, yule wa wodini. Nimeshindwa."

"Marahaba! Ameshaanza kujificha?"

"Amejificha mpaka ameizuia harusi yake."

"Hee! Huyo amenizidi. Mimi nilijifichaga tu kwenye ghala la pamba. Mpe simu."

Kabla Isidori hajaitika, nyuma ya simu ikasikika sauti ya mwanamke inakaribia kwa kasi.

"Baba Ngusa! Baba Ngusa! Ng'ombe wameingia kwenye pamba ya jirani, wewe umesimama na simu!"

"Ngoja, Marieta, naongea na mgonjwa!"

"Mgonjwa ni wewe usiyeona ng'ombe! Macho unayapelekaga wapi? Fimbo iko mkononi, unaipunga kama mwalimu wa kwaya!"

"Nakuja!"

"Unakuja tangu asubuhi!"

Isidori akainua uso. Kwa mara ya kwanza tangu Naomi afike, alionekana anasikiliza kitu.

"Mzee, samahani. Mkeo anakugombezaga hivyo?"

"Kila siku ya Mungu."

"Na mfuko?"

"Mfuko unahusiana nini na ng'ombe? Sikiliza, kijana. Nilivyotoka hospitali aliachaga kunigombeza, karibu mwaka mzima. Nimwage maziwa, kimya. Nisahau kufunga zizi, ananiambia pole, Baba Ngusa, kapumzike. Nikajua basi, mimi ni maiti, wananificha tu. Halafu siku moja mbuzi akala mbegu, Marieta akanitukana mimi na ukoo wangu. Nilienda shambani nikalia kwa furaha. Naenda sasa, ng'ombe hawa wataniponza."

"Mzee, kuna jambo lingine. La ndani."

"Toa sauti ya nje."

Isidori akachukua simu, akazunguka nyuma ya nyumba. Alirudi baada ya muda, masikio yanamwaka.

"Amesemaje?" Naomi akauliza.

"Amesema nirudi kwa daktari niulize vizuri, niache kusumbua wakulima wa pamba."

Mama mmoja wa jumuiya alishindwa kujizuia, akacheka mpaka rozari ikamponyoka. Hakuna aliyemfinya. Isidori mwenyewe alitabasamu, kidogo tu.

Lakini Naomi hakutabasamu. Alikuwa ameshabeba mkoba.

"Alhamisi saa nne niko kwa Padre. Uje uondoe ulichoweka, au uje useme mbele yake kwamba hunitaki. Moja kati ya hayo mawili. Usitume mtu, usimpigie katekista."

"Nitamtafutia gari," Mama Wankyo akadakia. "Alale kiti cha nyuma, mimi nimshikilie, na mama mmoja wa jumuiya..."

"Mama, aje mwenyewe."

Mama Wankyo akafunika uso kwa khanga.

"Naogopa, Naomi. Kila akinyanyuka naona kama anaondoka moja kwa moja. Nikimshika mkono ndiyo napata usingizi."

Hapo Naomi akamkumbatia. Hasira zake zilikuwa nyingi, ila kwa mama huyu hazikupata pa kukaa.

"Najua, Mama. Nisamehe nilivyokusema. Lakini mwachie mkono kidogo, na mimi nipate pa kushika."

Alhamisi saa nne ikafika, Isidori hakuonekana. Naomi alikaa ofisini kwa Padre, mguu unagonga sakafu. Akatuma ujumbe:

"Uko wapi?"

Kimya. Akatuma mwingine:

"Isidori, nikihesabu mpaka kumi naondoka, na gauni langu la harusi nalipasua natengeneza mapazia."

Simu ikalia: "Bodaboda imepata pancha. Usipasue."

Aliingia amechelewa, vumbi mpaka kwenye kope, begi dogo la mifuko ya akiba begani. Alikuja peke yake. Naomi alitamani kuruka amkumbatie, akajizuia.

"Padre," alisema Isidori, "kile kizuizi naomba nikiondoe. Nilikosea. Daktari nimeshaongea naye kwa simu, tatizo lina matibabu na mwezi ujao naenda. Naomi anajua yote, hakuna nilichomficha. Niko tayari kumuoa."

Padre akashusha pumzi, akatabasamu.

"Mungu ni mwema. Basi Jumapili nasoma tangazo la tatu. Tusali kidogo..."

"Hapana, Padre," Naomi akasema.

"Hapana nini?"

"Samahani kwa kukukatisha. Lakini huyu aliivunja harusi peke yake, bila kuniuliza. Leo ameirudisha peke yake, bila kuniuliza. Yuko tayari! Nani alimwambia mimi niko tayari? Kabla hajaugua nilikuwa na neno langu. Baada ya upasuaji kila mtu amekuwa na neno, mama, jumuiya, katekista, mpaka mkulima wa Bunda. Mimi ndiye nabebeshwa tu. Tangazo lako lisubiri."

Akanyanyuka, akatoka. Padre akamtazama Isidori.

"Sasa wewe umekaa hapa kufanya nini?"

Naomi alikuwa ameshashika barabara ya kuelekea kibandani kwake, anatembea kwa kishindo, machozi yanamtoka na hataki kuyafuta kwa sababu kuyafuta ni kukubali kwamba yapo. Watu wa Mwisenge walikuwa kwenye shughuli zao, wauza nyanya, madereva wa bodaboda kijiweni, wanafunzi wanatoka mapumziko. Ghafla akasikia sauti nyuma yake. Si ile ya kwenye kizingiti cha Butiama. Hii ilikuwa ya juu ya mashine ya kusaga.

"Naomi!"

Hakugeuka.

"Naomi mwenye kiburi! Simama!"

"Sisimami!"

"Nimepasuliwa tumbo, siwezi kukimbia! Simama!"

"Leo ndiyo unakumbuka umepasuliwa?"

Akasimama, akageuka. Isidori alikuwa anakuja katikati ya barabara, anahema, shati limechomoka kwenye suruali, upepo unalipeperusha. Mfuko ulionekana wazi pembeni ya kitovu. Mkono wake ulienda kuufunika, kisha akaona mkono huo una kazi ya haraka zaidi, akauinua kuzuia bodaboda iliyotaka kumpita.

"Unataka nini?" Naomi akauliza.

"Nimekuja kukuuliza."

"Uliza."

"Hapa?"

"Ulipojificha hukuniuliza. Uliza hapahapa."

Muuza nyanya alikuwa ameacha kupanga mafungu. Kijiweni injini zilizimwa moja baada ya nyingine.

"Naomi. Mimi nina mfuko. Utakuwepo siku zote. Kuna siku utavuja, kuna siku utanuka, kuna siku utalia mbele za watu. Chumbani sijui itakuwaje, daktari anasema tujaribu, hajaniahidi. Mashine nzito sitanyanyua tena, nitahitaji kijana wa kunisaidia kazi. Na saratani ikirudi, sitaki kukudanganya, nitaogopa sana. Sikuonei huruma tena. Nakutaka. Unanitaka na mimi?"

"Na ukiogopa utafanyaje?"

"Nitakuambia wewe."

"Si katekista?"

"Si katekista."

"Na nikikugombeza?"

"Nigombeze. Nigombeze mpaka nizeeke. Nyumba nzima kule Butiama walikuwa wananisemesha kama mtoto mchanga, nilikuwa nakufa, Naomi. Ulivyoniita mpumbavu pale kizingitini nilisikia kama nimepewa maji."

Muuza nyanya akashindwa kuvumilia.

"Dada, mjibu basi! Jua kali, na huyo ni mgonjwa!"

"Si mgonjwa!" Naomi na Isidori wakamjibu kwa pamoja.

Watu wakaangua kicheko. Naomi naye kicheko kikamtoka katikati ya machozi, akapenga kamasi kwenye upindo wa kitenge chake bila kujali.

"Ndiyo," alisema.

"Sijasikia!"

"Nimesema ndiyo, Isidori! Nakutaka! Nilikutaka na suruali yako uliyoitelekeza, nakutaka na mfuko wako! Sasa punguza sauti na uchomekee shati, mji mzima unakuangalia."

Isidori akatazama kulia, akatazama kushoto, kijiweni, kwenye nyanya, kwa wanafunzi waliokuwa wamepanda ukuta. Kisha akamshika Naomi mkono.

"Waache waangalie," alisema.